Soko la injini za GDI

Injini za GDI ni injini za petroli ambazo mafuta yake hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, badala ya kuchanganywa na hewa kabla ya kuingia humo. Herufi GDI ni kifupi cha jina la Kiingereza la teknolojia hiyo. Kampuni za magari huiuza kwa majina tofauti: Toyota hutumia D-4 na D-4S, Volkswagen hutumia FSI na TSI, Ford hutumia EcoBoost, na Mazda hutumia SKYACTIV-G.

Teknolojia hii ilijaribiwa sokoni mara kadhaa katika karne ya 20 bila kuenea. Ilipata nguvu baada ya mwaka 2008, serikali za Marekani, Ulaya na China zilipobana matumizi ya mafuta na utoaji wa kaboni dioksidi wa magari mapya. Siku hizi ni ya kawaida katika magari mapya ya petroli, lakini inakabiliwa na ushindani mkubwa wa magari ya umeme. Katika nchi zinazonunua magari yaliyotumika, zikiwemo nchi za Afrika Mashariki, hali ni tofauti: injini hizi zinazidi kuwasili wakati ambapo nchi zinazozitengeneza zimeanza kuzipunguza.

Jinsi zinavyofanya kazi

Katika injini za zamani petroli ilichanganywa na hewa ndani ya kabureta. Baadaye kabureta iliondolewa, na injekta (ambayo mafundi wengi huiita nozeli) ikawekwa kwenye njia ya hewa, karibu na valvu ya kuingizia. Mfumo huo hufanya kazi kwa shinikizo dogo, kwa kawaida bar 3 hadi 5. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hujazwa upepo wa zaidi kidogo ya bar 2.

Katika injini ya GDI injekta imepenya hadi ndani ya silinda. Kwa kuwa hewa iliyomo humo inagandamizwa, na muda wa kupuliza ni mfupi sana, petroli lazima isukumwe kwa nguvu nyingi. Pampu ya kawaida iliyo ndani ya tangi hupeleka petroli kwenye pampu ya pili ya shinikizo kubwa, inayoendeshwa na kemshafti. Injini za GDI za Mitsubishi za miaka ya 1990 zilitumia takriban bar 50. Baadaye bar 200 zikawa za kawaida, na mifumo mipya hufikia bar 350.

Faida kuu ya mfumo huu ni ubaridi. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya silinda hufyonza joto la hewa iliyomo, kama maji ya mtungi wa udongo yanavyopoa kwa sababu ya unyevu unaokauka nje yake. Hewa ikiwa baridi, injini haigongi kwa urahisi, na mhandisi anaweza kuongeza uwiano wa mgandamizo au kuongeza turbo. Hivyo injini ndogo hutoa nguvu iliyokuwa ikitolewa na injini kubwa. Bila mabadiliko mengine, kupuliza petroli ndani ya silinda huokoa asilimia chache tu ya mafuta. Akiba kubwa zaidi hupatikana pale mfumo huu unapounganishwa na turbo na injini kupunguzwa ukubwa.

Historia

Majaribio ya awali

Teknolojia hii ilitumika kwa wingi kwanza katika ndege. Injini ya Kijerumani Daimler-Benz DB 601 ya miaka ya 1930, iliyotumika katika ndege za kivita za Messerschmitt, ilipuliza petroli ndani ya silinda. Ndege hizo ziliweza kuinamisha pua ghafla bila injini kukosa mafuta, jambo lililozisumbua ndege za Kiingereza zilizotumia kabureta.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ndogo za Ujerumani Gutbrod na Goliath ziliweka mfumo wa Bosch katika magari madogo mapema katika miaka ya 1950. Mwaka 1954 Mercedes-Benz ilionyesha gari la 300 SL, lililotumia mfumo huo katika injini ya mipigo minne. Gari hilo lilisifiwa sana, lakini lilikuwa ghali na ni machache yaliyotengenezwa: 1,400 yenye paa na 1,858 ya wazi. Pampu yake iliendelea kupuliza petroli hadi injini iliposimama kabisa, na petroli hiyo iliyobaki ilishuka na kuchanganyika na oili. Mifumo ya kupuliza nje ya silinda ilikuwa rahisi zaidi, na ndiyo iliyochukua soko.

Kurudi mwaka 1996

Mwaka 1996 Mitsubishi Motors ya Japani ilianza kuuza gari la Galant lenye injini ya GDI ya lita 1.8, safari hii ikiongozwa na kompyuta. Toyota na Nissan zilifuata muda mfupi baadaye. Renault ilileta injini ya aina hiyo Ulaya mwaka 1999, na Volkswagen mwaka 2000.

Injini nyingi za kizazi hicho zilitumia mchanganyiko wa matabaka. Gari likienda polepole, petroli kidogo ilikusanywa karibu na plagi huku sehemu kubwa ya silinda ikiwa na hewa tupu. Mafuta yaliokolewa, lakini moshi wake ulikuwa na oksidi za nitrojeni ambazo kifaa cha kawaida cha kusafisha moshi hakikuweza kuziondoa. Kilihitajika kifaa cha ziada ndani ya ekzosi, na kifaa hicho huharibiwa na salfa iliyomo katika petroli. Nchi ambazo petroli yake ilikuwa na salfa nyingi hazikuweza kunufaika na teknolojia hiyo. Aidha, akiba ya mafuta barabarani mara nyingi ilikuwa ndogo kuliko ile iliyopatikana maabara. Katika miaka ya 2000 watengenezaji wengi waliacha mchanganyiko wa matabaka na kurudi kwenye mchanganyiko sawia, ambao unaweza kusafishwa kwa kifaa cha kawaida.

Kuenea baada ya mwaka 2008

Kilichobadilisha soko ni sheria. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni iliyoweka wastani wa gramu 130 za kaboni dioksidi kwa kilomita kwa magari mapya kufikia mwaka 2015, na baadaye gramu 95. Marekani nayo ilikaza viwango vya matumizi ya mafuta mwaka 2012. Kwa mtengenezaji wa magari, injini ndogo ya GDI yenye turbo ilikuwa njia ya kutimiza masharti hayo bila kubadili gari zima. Ford ilianza kuuza injini za EcoBoost mwaka 2009, na mwaka 2012 ikaleta ile ya lita 1 yenye silinda tatu. Mazda ilichukua njia nyingine: haikuweka turbo, bali iliongeza uwiano wa mgandamizo hadi 14 kwa 1 katika baadhi ya injini zake kuanzia mwaka 2011.

Kashfa ya vipimo vya moshi wa dizeli, iliyofichuliwa Septemba 2015 nchini Marekani, iliongeza msukumo huo. Wakati huo magari ya dizeli yalikuwa karibu nusu ya magari mapya katika Umoja wa Ulaya. Baada ya hapo sehemu yake ilishuka mwaka hadi mwaka, na wanunuzi wengi walihamia kwenye petroli.

Watengenezaji wa mfumo

Kampuni za magari kwa kawaida hazitengenezi pampu na injekta za shinikizo kubwa zenyewe. Kazi hiyo hufanywa na kampuni chache, kwa sababu vipuri hivyo huhitaji usahihi wa hali ya juu. Bosch ya Ujerumani na Denso ya Japani ni miongoni mwa kubwa zaidi.

Mabadiliko ya umiliki katika sekta hii yanaonyesha jinsi wawekezaji wanavyoitazama. Kampuni ya Continental ilitenganisha kitengo chake cha mifumo ya injini mwaka 2021 kwa jina la Vitesco Technologies, ambayo iliunganishwa na Schaeffler mwaka 2024. BorgWarner ya Marekani ilinunua Delphi Technologies mwaka 2020, kisha mwaka 2023 ikatenga biashara ya mifumo ya mafuta na kuunda kampuni inayojitegemea iitwayo PHINIA. Nchini Japani, Hitachi Astemo iliundwa mwaka 2021 kwa kuunganisha kampuni kadhaa za vipuri. Katika mfano wa BorgWarner, kampuni mama ilijitenga na biashara ya mafuta ili kuelekeza mtaji mahali pengine, hasa kwenye umeme. PHINIA, iliyoachiwa biashara hiyo, hutegemea zaidi magari makubwa na vipuri vya kubadilisha.

Vikwazo vya kiufundi

Matatizo manne yameathiri gharama na sifa ya injini za GDI.

La kwanza ni masizi. Petroli inapopulizwa ndani ya silinda, sehemu yake inaweza kugusa pistoni au kuta kabla ya kugeuka mvuke, na ikiungua hutoa chembechembe ndogo sana zinazoweza kupenya hadi ndani ya mapafu. Kanuni za Ulaya ziliweka kikomo cha idadi ya chembe kwa injini hizi, na tangu mwaka 2017 magari ya aina mpya hayaruhusiwi kutoa zaidi ya chembe bilioni 600 kwa kilomita. Kwa sababu hiyo magari mengi ya GDI yanayouzwa Ulaya na China yana kichujio cha masizi katika ekzosi, na gharama yake imepunguza unafuu wa bei ambao injini ya petroli ilikuwa nao dhidi ya dizeli.

La pili ni kaboni kwenye valvu za kuingizia. Katika injini ya kawaida petroli huoshea valvu hizo kila inapopita. Katika GDI petroli haipiti hapo, hivyo mvuke wa oili hugandamana juu ya valvu na kuwa ukoko mweusi. Gari hupoteza nguvu na kutetemeka likiwa limesimama. Baadhi ya watengenezaji, kama Toyota katika mfumo wa D-4S, wameweka injekta mbili kwa kila silinda, moja ndani na nyingine nje, ili valvu zioshwe.

La tatu ni mwako wa mapema katika injini ndogo zenye turbo. Gari likivuta mzigo mkubwa kwa mwendo mdogo, mchanganyiko unaweza kuwaka kabla ya plagi kutoa cheche, na pistoni ikavunjika. Viwango vya oili vya API SN Plus vya mwaka 2018 na API SP vya mwaka 2020 vilitungwa kwa sehemu kubwa ili kupunguza tatizo hilo. Oili ya bei nafuu ya viwango vya zamani haina kinga hiyo.

La nne ni usafi wa mafuta. Pampu ya shinikizo kubwa hulainishwa na petroli yenyewe inayopita ndani yake. Uchafu, maji au mafuta yaliyochakachuliwa huikwangua, na matundu madogo ya injekta huziba.

Masoko makuu

Nchini Marekani, takwimu za Shirika la Kulinda Mazingira zinaonyesha kuwa magari yenye GDI yalikuwa chini ya asilimia 3 ya magari mapya ya mwaka wa modeli 2008. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010 yalikuwa takriban nusu, na mapema katika miaka ya 2020 yalifikia karibu robo tatu. Teknolojia chache za injini zimeenea kwa kasi hiyo. Soko hili linapenda magari makubwa, na mahitaji ya GDI huko yanatarajiwa kupungua polepole kuliko Ulaya.

Katika Umoja wa Ulaya, magari ya petroli pekee yalikuwa karibu theluthi moja ya magari mapya mwaka 2024. Magari ya haibridi yalikuwa karibu asilimia 31, na ya umeme mtupu karibu asilimia 14. Kanuni ya mwaka 2023 inataka magari mapya yasitoe kaboni dioksidi kuanzia mwaka 2035, ingawa mjadala wa kuilegeza umeendelea tangu ilipopitishwa. Kanuni ya Euro 7, iliyopitishwa mwaka 2024, itaanza kutumika kwa aina mpya za magari ya abiria mwishoni mwa mwaka 2026. Itahesabu chembe ndogo hadi nanomita 10 badala ya 23, na kikomo chake kitahusu injini zote za petroli. Hapo injini zinazopuliza nje ya silinda zitakosa nafuu ya kisheria zilizokuwa nayo.

China ni soko kubwa kuliko yote na pia ndilo linalobadilika kwa kasi zaidi. Mwaka 2024 magari ya umeme na haibridi za kuchaji yalizidi asilimia 40 ya magari mapya yaliyouzwa nchini humo. Baadhi ya haibridi hizo hutumia injini rahisi ya kupuliza nje ya silinda, kwa sababu mota ya umeme hubeba kazi nzito na injini hubaki kufanya kazi katika mwendo wake bora. Hali hii ni muhimu kwa matarajio ya GDI, kwani kukua kwa haibridi si lazima kukuze soko lake.

Nchini India bei ndiyo huamua. Magari mengi madogo bado hutumia mfumo wa nje ya silinda, huku Hyundai, Tata na Mahindra zikiweka GDI yenye turbo katika modeli za bei ya juu.

Afrika Mashariki

Magari mengi ya abiria yanayosajiliwa Kenya, Tanzania na Uganda huingizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Kwa hiyo teknolojia inayouzwa Japani leo hufika Mombasa na Dar es Salaam baada ya miaka kadhaa. Kenya hairuhusu gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Mwaka 2025 magari yaliyoruhusiwa yalikuwa yale yaliyosajiliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018 au baadaye. Tanzania haina kikomo kama hicho kwa magari ya abiria, bali hutoza ushuru wa ziada kadiri gari linavyozeeka.

Kizazi cha kwanza kiliacha jina baya. Magari ya Mitsubishi yenye maandishi ya GDI, na ya Toyota yenye injini ya D-4 ya lita 2 kama vile baadhi ya Noah, Voxy, Wish, Premio na RAV4 za miaka ya 2000, yaliingia wakati gereji nyingi hazikuwa na mashine za kupimia mifumo hiyo. Pampu ya shinikizo kubwa ilipoharibika, spea ilikuwa ghali au haikupatikana, na wamiliki wengine waliamua kubadilisha injini nzima. Hadi leo wanunuzi wengi huuliza kama gari lina injini ya D4 kabla ya kuuliza bei, na gari la aina hiyo likiuzwa tena hushuka thamani. Umaarufu wa Toyota IST na Vitz, ambazo hupuliza petroli nje ya silinda, unatokana kwa sehemu na urahisi wa kuzitengeneza.

Hata hivyo nafasi ya kuchagua inapungua. Magari ya kizazi kipya yanayopendwa, kama Mazda Demio na CX-5 zenye SKYACTIV-G, Volkswagen Golf ya TSI na Subaru Forester za karibuni, yana GDI. Magari haya hayafanani na yale ya mwaka 2000: hayatumii mchanganyiko wa matabaka, na pampu na injekta zake zimeboreshwa. Kinachoamua uhai wake ni matunzo. Yanahitaji oili ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, ibadilishwe kwa wakati, na petroli safi.

Ubora wa petroli ni suala la usimamizi wa serikali. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli hupunguza uwezo wake wa kuhimili kugonga, na injini zenye mgandamizo mkubwa ndizo huumia kwanza. Mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchakachuaji, na Tanzania huweka alama maalumu katika mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike.

Matarajio

Taarifa za kibiashara kuhusu soko la GDI hutoa makadirio yanayotofautiana sana. Sababu moja ni kwamba baadhi huhesabu injekta peke yake, nyingine hujumlisha pampu, vihisi na kompyuta ya injini. Sababu nyingine ni dhana kuhusu kasi ya magari ya umeme, na hiyo hutegemea sera zinazobadilika. Msomaji anapaswa kutazama kwanza kilichohesabiwa kabla ya kulinganisha tarakimu.

Mielekeo mitatu iko wazi. Kwanza, magari mapya yanayotumia petroli peke yake yanapungua katika masoko makubwa. Mwaka 2024 magari ya umeme na haibridi za kuchaji yaliyouzwa duniani yalizidi milioni 17, yaani zaidi ya gari moja katika kila magari matano mapya. Pili, GDI itaendelea kutengenezwa kwa ajili ya haibridi, hasa pale sheria za masizi na matumizi ya mafuta zinapokazwa, lakini itashindana na injini rahisi zaidi. Wahandisi pia wanajaribu kupuliza haidrojeni ndani ya silinda kwa njia kama hiyo. Tatu, soko la vipuri na matengenezo litadumu muda mrefu kuliko soko la magari mapya, kwa sababu gari linaweza kutumika kwa zaidi ya miaka 15 na kubadilisha nchi likiwa njiani.

Mwelekeo huo wa tatu ndio unaozihusu zaidi nchi za Afrika. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilieleza kuwa kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Umoja wa Ulaya, Japani na Marekani, na sehemu kubwa yalikuja Afrika. Ethiopia ilichagua njia tofauti mwaka 2024 kwa kupiga marufuku uingizaji wa magari ya petroli na dizeli. Nchi nyingine zitaendelea kupokea injini za GDI kwa miaka mingi, hata viwanda vikipunguza kuzitengeneza. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha mifumo ya shinikizo kubwa, maduka yenye spea halisi na vituo vyenye petroli safi ndivyo vitakavyoamua kama injini hizo zitaokoa mafuta zilivyokusudiwa au zitarudia sifa mbaya ya D4.

Tazama pia

Injini ya mwako wa ndani
Kabureta
Petroli
Gari la umeme
Gari la haibridi